LibreOffice Mbele ya Printa: Tathmini ya Upangaji wa Kurasa katika Writer na Calc

Tathmini nyingi za programu za ofisi hupima kile kinachoonekana kwenye kioo: wepesi wa kufunguka, wingi wa vitufe, uzuri wa rangi. Tathmini hii inapima karatasi. Katika ofisi za kata, shule, parokia na vyama vya akiba na mikopo, hati haijawa hati mpaka imetoka kwenye printa, imepigwa mhuri na kuingizwa kwenye jalada. Na kwa mtu anayeifanya kazi hiyo wiki hadi wiki, programu nzuri ni ile inayotoa karatasi inayolingana na alichokusudia, bila kumlazimisha kurudia na bila kumaliza rimu. Kwa kipimo hicho kimoja nimeitazama LibreOffice, yaani Writer kwa upande wa maandishi na Calc kwa upande wa lahajedwali, na hukumu yangu naitoa mapema ili msomaji mwenye haraka asihangaike: ni chombo imara kwa anayepanga ukurasa kabla ya kuandika, na ni chombo chenye kero kwa anayeukumbuka ukurasa wakati printa imeshawashwa.

Programu yenyewe haihitaji utambulisho mrefu. Ilichipuka mwaka 2010 kutoka OpenOffice.org, inasimamiwa na The Document Foundation yenye makao yake Berlin, Ujerumani, hailipiwi, na inafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. Wakongwe watakumbuka kwamba mzazi wake huyo aliwahi kufundishwa Kiswahili: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, yenye menyu za Kiswahili. Katika tathmini hii nitazitaja menyu kwa majina yake ya Kiingereza, kwa kuwa ndiyo yaliyo mbele ya macho ya watumiaji wengi wa leo.

Tuanze na karatasi, kwa sababu makosa mengi huanzia hapo. Karatasi inayouzwa katika maduka yetu ni A4, yenye milimita 210 kwa 297. Wamarekani hutumia Letter, yenye milimita 215.9 kwa 279.4, ambayo ni pana kuliko A4 kwa takribani milimita 6 na fupi kwa karibu milimita 18. Kwenye kioo tofauti hiyo haimshtui mtu, lakini printa huiona mara moja. Faili lililopangwa kwa Letter likipelekwa kwenye printa yenye A4, baadhi ya printa husimama na kuwasha taa zikidai karatasi ambayo hakuna duka la mtaani linaloiuza, nyingine hupunguza maandishi kimyakimya, na nyingine huchapa hivyo hivyo na kuacha nafasi ya ajabu chini ya ukurasa. LibreOffice huchagua ukubwa wa karatasi kwa kufuata eneo lililowekwa katika menyu ya Tools, ndani ya Options, kwenye sehemu ya lugha. Kompyuta nyingi, hasa za mtumba, hutufikia zikiwa zimewekwa Kiingereza cha Marekani, kwa hiyo kila hati mpya inazaliwa ikiwa Letter. Ukibadilisha eneo hilo kuwa la Kiingereza cha Uingereza, hati mpya zitakuja zikiwa A4. Za zamani zitabaki zilivyo na itabidi zirekebishwe mojamoja. Ningependa programu iulize swali hili mara ya kwanza inapofunguliwa. Ni swali la sekunde chache, na lingeokoa karatasi nyingi.

Sasa Writer, ambako ndiko kwenye utajiri wa programu hii. Nguvu yake iko kwenye mtindo wa ukurasa. Kila ukurasa wa hati una jina la mtindo unaoufuata, na mtindo huo ndio unaobeba ukubwa wa karatasi, mwelekeo wa wima au mlalo, pambizo, kijajuu na kijachini (yaani maandishi yanayojirudia juu na chini ya kila ukurasa), aina ya nambari za kurasa na hata idadi ya safu za maandishi. Jina la mtindo linaonekana chini ya dirisha wakati wote, na ukilibofya mara mbili, dirisha la mpangilio linafunguka. Mtumiaji hana haja ya kubahatisha kwa nini ukurasa wa saba umekaa tofauti na wa sita: anasoma jina chini, anajua.

Chukua mfano wa taarifa ya mwaka ya chama cha akiba na mikopo, ambayo kwa kawaida ina jalada lisilo na nambari, kurasa za yaliyomo na ajenda zenye nambari za Kirumi, mwili wa taarifa unaoanza na 1, na mahali fulani katikati jedwali la mikopo ambalo haliwezi kuenea kwenye karatasi iliyosimama. Jalada linapewa mtindo wa First Page, ambao umeagizwa ndani yake kwamba ukurasa unaoufuata uwe wa mtindo mwingine. Unachofanya ni kuutaja huo mwingine, tuseme umeuita Utangulizi na umeuwekea nambari za i, ii, iii. Jalada likijaa au likikatwa, Utangulizi unaingia wenyewe. Pale mwili unapoanzia, unakwenda Insert, More Breaks, Manual Break, unachagua mtindo wa kawaida, unaweka alama kwenye kisanduku cha kubadili nambari na unaandika 1. Kabla ya jedwali pana unakata tena na kuchagua Landscape, na baada yake unakata na kurudi kwenye mtindo wa kawaida, safari hii bila kugusa nambari, ili hesabu iendelee pale ilipokuwa. Taarifa nzima inabaki faili moja.

Anayetoka Microsoft Word atauliza kama huko kazi hiyo haiwezekani. Inawezekana, kwa vikomo vya sehemu, na wengi wanaifanya vizuri. Tofauti ni pale hati inapopita mikononi mwa watu kadhaa. Katika Word, kikomo cha sehemu ndicho kinachohifadhi umbo la sehemu iliyo juu yake, kwa hiyo mtu akikifuta bila kujua, kurasa za juu huvaa umbo la kurasa za chini, na taarifa iliyokuwa wima inageuka yote kuwa mlalo. Katika Writer, mkato (ule uliowekwa kwa Manual Break) ukifutwa, maandishi yaliyofuata yanaendelea kwa mtindo wa ukurasa uliotangulia, na mtindo uliopotezwa bado upo kwenye orodha, unangoja kutumika tena. Kwa katibu ambaye muhtasari wake unahaririwa na mwenyekiti, mhazini na mtu mwingine asiyejulikana, hilo ni jambo zito. Lakini asisahau kwamba akilihifadhi faili kwa muundo wa docx, mitindo hiyo inageuzwa kuwa sehemu za Word, na ulinzi huo unabaki nyuma. Kazi yenyewe ihifadhiwe kwa odt, muundo wa Writer yenyewe; docx iwe ya kupeleka tu.

Baada ya sifa hizo, Writer ina mambo yanayochosha. La kwanza ni kwamba mitindo ya ukurasa hairithiani. Mtindo wa aya unaweza kuwa mtoto wa mtindo mwingine na kufuata mabadiliko ya mzazi. Mtindo wa ukurasa hauwezi. Ukiamua kwamba pambizo la kushoto liwe sentimita 3 badala ya 2, utaliandika kwenye mtindo wa kawaida, kisha kwenye First Page, kisha kwenye Utangulizi, kisha kwenye Landscape, na ukisahau mmoja karatasi itakuumbua. Kijachini nacho ni cha kila mtindo peke yake, na ndiyo maana jedwali lililolazwa hutoka bila nambari ya ukurasa ingawa kurasa za kabla na baada yake zinayo: hakuna aliyewasha kijachini cha Landscape. Toleo la 7.6, la mwaka 2023, liliongeza dirisha dogo la kuingiza nambari za kurasa kwa hatua moja, ukichagua zikae juu au chini, katikati au pembeni, na linarahisisha. Lakini bado linashughulikia mtindo mmoja tu, ule wa ukurasa ulipo wakati huo.

La pili ni la nambari zenyewe, na linawanasa hata wazoefu. Mtu anayetaka ukurasa wa tatu usomeke 1 hubofya mara mbili ile nambari, anaona kisanduku cha kuongeza au kupunguza, anaandika hasi 2, na mambo yanaonekana kunyooka. Kisanduku hicho hakianzishi hesabu upya. Kinaiambia nambari ionyeshe namba ya ukurasa mwingine ulio mbele au nyuma, na ukurasa huo usipokuwepo, nambari haionekani kabisa. Ndiyo maana anayesogeza mbele huona kurasa za mwisho zimekuwa tupu chini. Mahali pa kuanzisha hesabu ni kwenye mkato, kama nilivyoeleza, au kwenye mpangilio wa aya ya kwanza ya ukurasa husika. Kwamba kisanduku kisichofaa kiko karibu kuliko kinachofaa ni kosa la waundaji.

La tatu linahusu karatasi tupu. Writer inashikilia kanuni ya vitabu kwamba nambari witiri hukaa kulia na shufwa hukaa kushoto. Ukianzisha hesabu kwa 1 mara tu baada ya ukurasa ambao nao ni witiri, programu inaingiza ukurasa mtupu katikati ili kanuni isivunjike. Ukurasa huo hauna maandishi wala huwezi kuufuta, kwa kuwa haukuandikwa na mtu. Huonekana kwenye onyesho la awali, na printa hutoa karatasi nyeupe ambayo mwenye printa ataihesabia bei. Kwa kitabu kinachochapwa pande mbili, kanuni hiyo ni sahihi kabisa. Kwa taarifa inayochapwa upande mmoja, fungua dirisha la kuchapa na uondoe alama kwenye kipengele cha kuchapa kurasa tupu zilizoingizwa na programu; dirisha la kutengeneza PDF nalo lina kipengele chake, kwa hiyo kuondoa kimoja hakuondoi cha pili.

Pambizo za Writer zinaanza na sentimita 2 kila upande, wakati Word ya kisasa huanza na 2.54. Hiyo peke yake inatosha kueleza kwa nini hati ya kurasa kumi huko inaweza kupungua huku. Kwa hati itakayobanwa kwa pini ya kona, sentimita 2 zinatosha. Kwa itakayotobolewa na kuvishwa spairo, upande wa mgongo unahitaji zaidi, na tangu toleo la 7.2 la mwaka 2021 Writer ina kisanduku cha nafasi ya kujalidi kinachojitegemea, kisichokulazimisha kuchezea pambizo lenyewe. Ukichapa pande mbili, chagua mpangilio wa kurasa zinazotazamana, ambapo kushoto na kulia hugeuka kuwa ndani na nje, na nafasi ya mgongo inahama upande kila ukurasa unapogeuzwa.

Jambo moja la vipimo linafaa lisemwe polepole kwa wanaoandika tasnifu, kwa sababu vyuo hupima kwa rula. Katika Word, pambizo la juu ni umbali kutoka ukingo wa karatasi hadi mwanzo wa maandishi, na kijajuu kinakaa ndani ya pambizo hilo. Katika Writer, pambizo la juu linaishia pale kijajuu kinapoanzia. Maandishi huanza baada ya pambizo, kimo cha kijajuu na nafasi iliyo chini yake. Aliyeagizwa sentimita 2.5 juu, akaziandika kama zilivyo na kuwasha kijajuu, atapata karatasi ambayo maandishi yake yanaanza chini zaidi ya alivyoagizwa. Inabidi apunguze: pambizo sentimita 1.5, na kijajuu pamoja na nafasi yake vigawane ile sentimita 1 iliyobaki. Hesabu si ngumu, ila programu haimwambii mtu kwamba inahitajika.

Calc ni habari nyingine, na hapa ndipo printa huwaliza watu. Lahajedwali halina ukurasa kwa asili yake; linaenea kulia na chini kadiri unavyoandika, na ukurasa unakuja kulikata baadaye. Ukichukua laha mpya ya Calc, ukaijaza na kuichapa bila kugusa chochote, karatasi itatoka na jina la laha juu katikati na nambari ya ukurasa chini, kwa kuwa kijajuu na kijachini vimewashwa tangu mwanzo. Wanachama wengi wamekabidhiwa orodha ya michango yao ikiwa na neno Sheet1 kama kichwa cha habari. Linaondolewa kwa Format, Page Style, Header, kisha Edit, ambako kuna visanduku vitatu vya kushoto, katikati na kulia, na humo unaweza kuweka jina la chama, tarehe na nambari ya ukurasa kati ya jumla ya kurasa.

Niliangalie kwa karibu jedwali la kawaida la michango: safu ya majina yenye upana wa sentimita 5, safu za miezi kumi na miwili, na safu ya jumla. Safu ya Calc huanza na upana wa takribani sentimita 2.26, kwa hiyo safu kumi na tatu za fedha zinachukua sentimita 29.4, na ukijumlisha majina unapata sentimita 34.4. Karatasi ya A4 iliyosimama, ukitoa pambizo, ina sentimita 17 za kuandikia. Iliyolazwa ina 25.7. Ukienda kwenye kichupo cha Sheet cha dirisha la mtindo na kuchagua njia ya kubana kwa upana na urefu, ukaandika 1 kwenye upana na kuacha urefu wazi, Calc italibana jedwali lienee kwenye upana wa karatasi moja na kuliacha lishuke kurasa zozote linazohitaji. Hii ndiyo njia ninayoipendekeza kuliko nyingine zote, na ule urefu ulioachwa wazi ndio wenye thamani: anayeandika 1 kwenye visanduku vyote viwili analazimisha wanachama mia tatu waingie kwenye karatasi moja, na hupata kitu cha kusomwa kwa lenzi.

Hata hivyo kubana kuna gharama. Kwenye karatasi iliyosimama jedwali letu linashuka hadi karibu asilimia 49, na fonti ya pointi 10 inachapika chini ya pointi 5. Mzee hataisoma, na kijana ataisoma kwa kulazimika. Kwenye iliyolazwa linafika asilimia 75, sawa na pointi 7.5, ambayo inavumilika. Lakini kabla ya kubana, yafaa kulipunguza jedwali lenyewe. Pambizo za kushoto na kulia zikiwa sentimita 1, nafasi inakuwa sentimita 27.7. Safu za fedha zikipunguzwa hadi sentimita 1.8, ambazo bado zinabeba 1,250,000 kwa pointi 10, jedwali zima linakuwa na sentimita 28.4, na Calc inabana kwa asilimia mbili au tatu tu. Tazama tu mstari wa jumla ulio chini kabisa: wenyewe una tarakimu nyingi kuliko mistari mingine, kwa hiyo ndio wa kwanza kugeuka alama za ###, na alama hizo zinachapwa kama zilivyo mbele ya mkutano mkuu. Upe mstari huo fonti ndogo kidogo, au ondoa senti kwenye muundo wa namba.

Vichwa vya safu kurudia juu ya kila ukurasa ni huduma ambayo Calc inayo na inaificha. Iko Format, Print Ranges, Edit, ambako unaandika $1:$3 kwa mistari mitatu ya juu, na unaweza kuirudia safu ya majina upande wa kushoto kwa namna hiyohiyo. Dirisha hilohilo linakuwezesha kutaja eneo la kuchapwa, na hilo ni dawa ya ugonjwa wa kurasa zisizojulikana zilikotoka: mtu aliwahi kuandika hesabu ya pembeni kwenye safu ya AF, akaisahau, na sasa kila anayechapa anapata kurasa zaidi zenye tarakimu moja pembeni. Eneo likishatajwa, kilicho nje yake hakichapwi. Mwonekano wa Page Break, ulio kwenye menyu ya View, unaonyesha mikato kwa mistari ya buluu inayovutwa kwa kipanya, na nambari ya kila ukurasa ikiwa imeandikwa kwa kivuli katikati ya seli. Ningemshauri kila mtu aufungue kabla ya kubofya kitufe cha kuchapa, na kwa upande huu Calc haina cha kuionea wivu Excel. Inapokosa ni mwonekano wa ukurasa kamili ambao Excel inao, wa kuandika kijajuu moja kwa moja juu ya laha ukiona pambizo zote. Calc inakutuma kwenye onyesho la awali, ambako unaweza kuvuta pambizo na kubadili ukubwa, lakini seli hazihaririki.

Kero kubwa ya Calc inatokana na wazo lilelile lililoipa Writer sifa. Laha zote za faili jipya zinafuata mtindo mmoja wa ukurasa, unaoitwa Default. Mhazini anafungua laha ya michango, anailaza karatasi, anabana upana, anafurahi. Halafu anahamia laha ya barua na kukuta nayo imelala. Hakuna kilichoharibika. Amebadili mtindo, na laha zote mbili ni za mtindo huo. Katika Excel mpangilio wa ukurasa ni wa kila laha peke yake, kwa hiyo mazoea ya huko yanampotosha mtu huku. Suluhisho ni kufungua orodha ya mitindo kwa kitufe cha F11, kutengeneza mtindo mpya wa ukurasa, kuupa jina kama Michango-mlalo, na kuubofya mara mbili ukiwa kwenye laha inayohusika. Faili lililotoka Excel halina tatizo hilo, kwani Calc inapolifungua humpa kila laha mtindo wake wenye jina linaloanza na PageStyle. Lakini huko nako kuna kazi: ukitaka laha kumi na mbili za miezi zifanane, utazihamishia kwenye mtindo mmoja mwenyewe.

Wengi wetu hatuchapi nyumbani. Tunabeba flashi hadi steshenari. Mhudumu anafungua faili kwa programu aliyonayo, na kama ni toleo jingine au programu nyingine, mistari inahama. LibreOffice inakuja na fonti zilizotengenezwa ziwe na upana sawa na zile za Microsoft, herufi kwa herufi: Carlito kwa Calibri, Caladea kwa Cambria, na Liberation kwa Times New Roman na Arial. Kwa hizo, mistari hukatika palepale na kurasa hazibadiliki idadi. Aptos, ambayo Microsoft iliifanya fonti ya kuanzia mwaka 2023, haina mwenza wa namna hiyo ndani ya LibreOffice, kwa hiyo barua uliyoletewa kwa Aptos inaweza kumwaga saini kwenye ukurasa wa pili. Njia salama ni kuipeleka kazi ikiwa PDF, na hapa LibreOffice haina mpinzani wa bei yake: kitufe kiko kwenye upau wa juu, fonti zinafungwa ndani ya faili, na unaweza kuchagua PDF/A kwa hati za kuhifadhiwa muda mrefu. Mwambie mhudumu achape kwa ukubwa halisi, maana programu za kusomea PDF hupenda kupunguza ukurasa kidogo ili uingie kwenye eneo ambalo printa inalifikia, na fomu yenye visanduku vya kupimwa ikipunguzwa huwa si fomu tena.

Kuchapa pande mbili kwa printa isiyogeuza karatasi kunawezekana kwa kuchapa kurasa witiri kwanza, kisha shufwa, na dirisha la kuchapa lina chaguo hilo bila kutafutwa. Lina pia chaguo la kijitabu, ambalo halizungumzwi vya kutosha. Ratiba ya harusi au ya misa huandikwa kwa A5, milimita 148 kwa 210, halafu Writer inapanga kurasa mbilimbili kwenye A4 iliyolazwa kwa mfuatano unaowezesha karatasi kukunjwa katikati na kusomeka kama kitabu. Hakikisha tu kurasa zinagawanyika kwa nne, la sivyo baadhi zitabaki tupu mwishoni.

Kwa yote haya, hatua inayolipa kuliko zote ni kutengeneza kiolezo. Weka A4, pambizo zako, First Page, Utangulizi na Landscape zenye vijachini vyake, kisha kihifadhi kwa File, Templates, na ukifanye kiwe cha kuanzia, ili kila hati mpya ya Writer izaliwe ikiwa na mitindo hiyo. Calc inataka kiolezo chake peke yake, chenye mtindo wa mlalo uliokwisha kubanwa upana na kijajuu kisicho na neno Sheet1, na kufanya kimoja hakugusi kingine. Ofisi yenye kompyuta kadhaa itavinakili violezo hivyo kwenye kila moja, kwa kuwa vinakaa ndani ya folda ya mtumiaji na havihami vyenyewe.